Vikombe vya Maji Mbele ya Nahodha

Fundi wa winchi aliyefanya kazi wakati wa vita katika meli ya marehemu mume wangu, nahodha, huja kwetu Moji, mji wa bandari huku Japani, kila Agosti, siku za kuwakumbuka wafu. Ana mikono mipana, na havumilii kitu kilichofunikwa. Hufunua kikombe cha chai, hufunua sufuria ya wali, na mlango huuacha wazi shibiri moja hata mvua ikinyesha. Mbele ya picha ya nahodha hupanga vikombe vya maji mpaka nafasi iishe.

Mwaka huu mkwe wangu Sumie alimtania: "Mzee, utatukaushia bomba!"

"Mateka walikuwa wengi, binti. Kule chini ngamani, tumboni mwa meli, walilia maji siku tatu."

"Meli ilibeba makaa ya mawe," nikasema, kama tulivyowaambia watoto siku zote.

"Ndiyo, mama. Makaa." Akaitazama mikono yake. "Niliambiwa nifunge vifuniko vya ngama, nikafunga."

"Uliambiwa na nani?"

Swali lilinitoka kabla sijalizuia. Aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akakifunika kikombe chake taratibu.

"Chai yako tamu, mama."

Alipoondoka niliufunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena.