Pumzi ya Mpiga Selo

Nina hasira, na nasema mapema ili mtu asije akadhani imeisha. Nimewakasirikia watu ambao sijawahi kuwatia machoni, wanaokaa nchi za mbali na kuuza sauti za okestra mtandaoni: fidla, tarumbeta, selo, ngoma kubwa. Unazipakua kwenye kompyuta, unabonyeza kinanda, na chumba changu hapa Kimuli, jirani na mashine ya kukoboa kahawa, kinajaa wapigaji ambao hawajui hata Kyerwa iko upande gani. Ndiyo kazi yangu. Kwaya zinakuja, natengeneza biti, nao wakienda kwenye msiba wanabeba flash na spika.

Tata, baba yangu, alikuwa mwalimu wa kwaya ya Kilutheri upande wa Nyakatuntu tangu sijazaliwa. Uzeeni presha ya macho ilimpofusha. Kwaya ilizoea kuangalia mkono wake, na sasa mkono ukawa unachelewa, waimbaji wanaingia mmoja mmoja kama mbuzi wanaotoka zizini. Iliwauma wote, ila yeye ilimuuma zaidi. Alianza kusema atawaachia vijana.

Siku moja amekaa studio anatafuna kahawa kavu, nikapiga selo. Akaacha kutafuna.

"Huyo anavuta pumzi," akasema.

Nikamwambia hakuna mtu, Tata, ni kompyuta. Akaniambia nipige tena. Kweli bwana, kabla upinde haujagusa uzi, mpigaji aliyerekodiwa huko kwao alivuta pumzi puani, fupi, ya mtu anayetaka kunyanyua mzigo. Nilikuwa nimeisikia siku zote bila kuisikiliza. Tata akacheka mpaka akakohoa. Kuanzia hapo akawafundisha upya wazee wote wa kwaya yake: msiangalie mkono wangu, mgeni akivuta pumzi, na ninyi vuteni, halafu ingieni. Wakawa wanaingia pamoja, sauti zote nne, kuliko hata enzi za macho yake. Mpiga selo yule walimwita mgeni wetu, na besi mmoja mtundu alikuwa akifika mazoezini anaipa spika shikamoo.

Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa mazishi. Tata alikuwa na desturi ya kumtungia kila marehemu ubeti wake, ndiyo maana sikuwahi kuufunga wimbo ule. Kila msiba naufungua, naurefusha au naufupisha, natoa flash mpya. Alipoanza kuumwa ini, akatunga beti nne, kisha akatunga wa tano. Huo wa tano, akasema, ni wake mwenyewe. Alitaka aimbiwe siku anashushwa kaburini, na waingie pamoja, wasimtie aibu mbele ya wakwe.

Mwezi uleule zikaja apdeti za zile sauti. Sikuziomba. Kompyuta iliniandikia kwamba toleo la zamani halitafunguka tena mpaka nipokee jipya, na mimi nina kwaya mbili zinasubiri mlangoni, ningefanya nini? Nikapokea. Majina ya sauti yamebadilishwa, mafaili yamehamishwa, nyimbo za zamani zinafunguka na mashimo. Nilihangaika mpaka nikaurudisha wimbo wa Tata mahali pake, nikampelekea spika nyumbani, nikamwekea kando ya kitanda.

Alisikiliza ubeti wa kwanza wote. Selo ilikuwa tamu, laini kuliko ya zamani, sisemi uongo.

"Mgeni yuko wapi?" akauliza.

Nikarudi kusikiliza na spika za masikioni. Hakuwepo. Pumzi yote imefutwa, safi, kama sakafu iliyopigwa deki.

"Umrudishe kabla sijaenda," Tata akasema. "Wale wazee bila yeye hawaingii."

Nikawaandikia wenye kampuni. Niliandika kwa adabu kwanza, halafu bila adabu. Kwenye ukurasa wao nilikuta wateja wa dunia nzima wanalalamika: huyu nyimbo zake hazifunguki, yule fidla zimekuwa nyembamba, mwingine anadai toleo lake la zamani alilonunua kihalali. Nikafurahi kwamba siko peke yangu. Lakini kuhusu pumzi hakuna aliyelalamika. Walishukuru. Mmoja aliandika kwamba hatimaye wameondoa ule uchafu. Jibu la kampuni lilikuja limejaa shukrani: kelele zisizotakiwa za wapigaji zimesafishwa, toleo la zamani halipatikani tena, tunakutakia kazi njema. Kelele zisizotakiwa! Nani hazitaki?

Nikatafuta flash za zamani kwa waimbaji. Nyingine zimekufa, nyingine zimejazwa filamu. Moja nilipata, nikajaribu kukata pumzi ile niibandike, ikatoka imeshikana na kinanda, inasikika kama mtu anafagia. Nikajivutia pumzi yangu kwenye maiki. Tata akasema huyo ni wewe, mwanangu, nakujua. Wiki hiyo akafariki.

Mazoezi ya msiba nikawaambia: waitu, jamani, msisubiri pumzi, hesabuni nne, ingieni. Wakaitikia vizuri. Wakahesabu, wakaweza, nikalala nikiwa na matumaini.

Tulimzika kwenye kibanja chake, katikati ya migomba. Jeneza likafika kwenye kamba, nikawasha biti. Selo ikaingia, tamu na safi. Kwaya imesimama, vichwa vimeinama upande wa spika, wanasubiri pumzi. Nikawaonyesha vidole: moja, mbili, tatu, nne. Hawakuniangalia. Tata ndiye aliyewafundisha wasiangalie mkono wa mtu. Ubeti wa kwanza ukapita mtupu, watu wakaanza kugeuka, na shemeji mmoja akakohoa.

Wanaume wakaanza kushusha kamba. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka bila kulia tangu asubuhi, akavuta pumzi moja, ya ghafla, kupitia puani.

Kwaya ikaingia. Wote, sauti zote nne, kwa mara moja. Walikuwa wameachana na biti kabisa, nikachomoa waya wa spika, na wimbo ukaendelea wenyewe. Ubeti ulipokwisha wakanyamaza, wakisubiri. Mama akawatazama. Hajawahi kuimba kwaya maisha yake, lakini alikaa na yule mwanamume miaka yote, akaelewa. Akavuta nyingine. Wakaingia. Akavuta tena, na tena.

Wa nne ulipokwisha kilio kilikuwa kimemfika. Alifungua mdomo, kifua kikakataa, akaangukia magoti ya dada yake. Kwaya ikasubiri. Nikasogea karibu nao kabisa, nikavuta pumzi mimi, kwa nguvu, wakaisikia mpaka waliosimama nyuma.

Hawakuingia. Nikavuta tena. Yule besi mtundu alinitazama kwa huruma, machozi yanamtoka, mdomo umefungwa. Naye alinijua, kama Tata: pumzi ile ilikuwa yangu, ya kulazimisha.

Ubeti wa tano haukuimbwa. Mchungaji akangoja kidogo, kisha akachota udongo, na wanaume wakashika majembe.