Viti Viwili vya Mtani

Juzi nilikuwa Raskazone, Tanga, kwa mjukuu wangu, yeye na wenzake wamejazana sebuleni mbele ya televisheni. Si unajua, msimu huu wa Kombe la Dunia kuna kile kipindi: mtangazaji na mchezaji mstaafu wamekaa vitini, mmoja anamchokoza mwenzake, watu hoi kwa kicheko. Mjukuu wangu akanigeukia, "Bibi, enzi zenu hamkuwa na mambo haya." Thubutu! Mwenzangu, sisi tulikuwa nayo kabla hata umeme haujafika kambini, na aliyekaa kiti cha pili alikuwa baba yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kambi ya mkonge upande wa Muheza. Baba alikuwa Mngoni wa Songea, amefiwa na mke, golikipa wa timu ya shamba. Mimi nililelewa na mama yake. Baba alikuwa na mtani wake Mnyamwezi, na wote wawili walilisha korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Kelele yake tuliisikia kutwa, na harufu ya makapi yaliyochacha iliingia mpaka kwenye maharage ya bibi.

Zikianza mechi za kombe la mashamba, kila Jumamosi mtani aliweka vigoda viwili mbele ya duka na kushika faneli ya mafuta ya taa mdomoni kama kipaza sauti. Sisi watoto tulikaa chini na mihogo yetu ya kukaanga, pilipili zikituchoma midomo.

"Haya golikipa, tueleze. Lile bao liliingiaje nawe ulikuwepo?"

"Lilibisha hodi kwa adabu," baba alijibu, uso mkavu. "Ningelikatalia vipi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilimpenda baba yangu siku zile kuliko kitu chochote, na nilijua kambi nzima inanionea wivu.

Mwaka ule timu yetu ilifika fainali. Wiki hiyo hiyo, asubuhi, wako kazini, mtani akamtupia baba utani kutoka upande wa pili wa mashine. Siku zote walifanya hivyo. Ndivyo walivyoisukuma siku. Baba akageuza kichwa amjibu, na mkono ukaenda na majani ndani ya mashine. Walimtoa amelowa damu, akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Sasa, kwetu mtani ndiye anayechekesha msibani. Huvaa nguo za marehemu, akamwigiza, akawatoa watu machozi kwa kicheko, ndipo maiti hutoka. Lakini huyu alijifungia chumbani kwake, hali, haongei. Katekista alisimama mlangoni na kitabu chake, jua linapanda, wanaume wanataka kubeba jeneza. Bibi akakaa kizingitini.

"Mwanangu hatoki humu mpaka mtani wake atanie. Atazikwaje kama mpita njia?"

Wazee wakamsihi, akawafukuza kama kuku. Niliogopa, mwenzangu. Niliogopa kwamba mtani hatakuja na baba ataozea ndani.

Akaja. Alikuwa amevaa fulana ya baba ya golini, inamning'inia mwilini, na vigoda viwili kwapani. Akaviweka mbele ya jeneza, akakaa kimoja, akainua faneli.

"Haya golikipa, tueleze," akasema. "Hili limeingiaje nawe ulikuwepo?"

Akauliza tena, sauti ikamkatikia humo humo ndani ya faneli. Watu waliinama wote. Bibi akainuka kizingitini, akaenda kukaa kwenye kile kigoda kitupu.

"Lilibisha hodi," akasema. "Si wewe uliyelifungulia mlango, mwanangu."

Mtani akaangusha faneli akamlalia bibi mapajani, akalia kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Bibi akawaambia wanaume, "Mchukueni sasa."

Fainali tulifungwa, na hakuna aliyeuliza mabao yaliingiaje. Mtani alirudi kwao Unyamwezi kabla ya mvua. Leo kambi ile ni vichaka, korona imeng'olewa ikauzwa vyuma chakavu, na siku hizi watani hata msibani hawaitwi, watu wanaona aibu.

Mjukuu wangu anadhani sipendi kipindi chake, maana sicheki pamoja nao. Napenda sana. Ila mtangazaji akishauliza swali, moyo wangu husimama kwanza, mpaka nimsikie yule wa kiti cha pili amejibu.