Pili ya Pili

Kwa wiki tatu nilikana, lakini ni mimi niliyeharibu soko la pilipili pale Msasani.

Mtaalamu wa maabara alinipa kipeperushi cha ugonjwa wa mkojo nikihariri. Aliandika: "Bakteria hung'ang'ania kibofu kwa pili." Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikaona neno limekatika. Nikalimalizia: pilipili.

Kipeperushi kikasomwa kanisani. Kina mama wa Msasani wakaacha pilipili siku hiyohiyo.

"Mwalimu, nani katuzushia haya?" aliniuliza Mama Salma, muuzaji, mafungu yake yakinyauka.

"Watu wabaya, mama."

Hapo simu yangu ikaita. Mikono yangu ilijaa ndizi, nikamwomba yeye abonyeze spika. Alikuwa yule mtaalamu wa maabara.

"Dada mhariri! Pili ni vinywele vya bakteria vya kujishikizia. Hiyo pili ya pili umeiongeza ya nini?"