Majivu na Mchanga kwa Wafalme wa Kigiriki

Enzi zetu, sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Wa rika langu mliokulia Musoma wakati wa foleni mnajua ninachosema: kipande kimoja kikionekana Kigera, habari zake zilifika Nyakato kabla hakijalowa maji. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, meno tukasugua kwa mkaa, na sufuria zikapata majivu, mchanga wa ziwani na kipande cha gunia. Tulikula ugali wa unga wa njano kwa furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi kuliko nyama. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka, na hakuna mtu mzima aliyetuuliza kama tuna furaha. Wanangu siku hizi wakikosa intaneti nusu saa wanatembea sebuleni kama wafiwa.

Kusugua ndiyo elimu yangu ya kwanza, kabla ya hizi nyingine zilizonipa vyeti. Kila likizo nilipelekwa Butiama kwa bibi mzaa mama, ambaye alianika sufuria zake juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba ili majirani wa mbali wazione zinavyomeremeta. "Kama huoni meno yako humo ndani," alikuwa akisema, "bado hujasugua." Nilirudi Musoma na vidole vilivyochubuka na imani kwamba hakuna kitu duniani ambacho majivu hayawezi kukitengeneza. Imani hiyo ilinifikisha pabaya.

Tuliishi Nyakato, nyumba moja na mjomba Masatu, kaka mkubwa wa mama. Ujanani alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kidogo cha kuchambua pamba kule Bunda, mali ya Mgiriki aliyeitwa Stavro. Mchana mjomba alipima magunia ya wakulima wa Guta. Jioni, mizani ikishafungwa, Stavro alimwonyesha kitu alichokipenda kuliko pamba: kisanduku cha mbao chenye sarafu tisa za madini ya fedha, alizozikusanya moja moja tangu ujana wake, kwa barua na kwa kubadilishana na Wagiriki wenzake. Zilikuwa za wafalme waliogawana dunia baada ya Aleksanda kufa, miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Mambo ya nchi yalipobadilika na Stavro akaondoka, alimwachia karani wake kisanduku. "Nitunzie," alimwambia. "Mimi nikishindwa kurudi, atakuja mwanangu."

Mjomba alikitunza. Jumapili baada ya misa, kama alikuwa na moyo mzuri, alinawa mikono, akatandika kitenge mezani na kutuita watoto. Kila sarafu ilikuwa imefungwa kwa pamba ya Bunda. Zilikuwa nyeusi, weusi wa kijivu kama sufuria inayopikiwa kuni, na nyuso zilitokeza ndani ya weusi huo kama watu wanaochungulia dirishani jioni. "Shika ukingo," alisema. "Mfalme haguswi usoni." Hakueleza kwa nini, na mimi nilihitimisha kwamba tatizo ni uchafu wa vidole vyetu.

Tuliwajua wote, kwa majina na kwa visa alivyotusimulia mjomba. Ptolemayo tulimwita Mzee Kidevu, kwa sababu kidevu chake kilifika mahali kabla yake, na nyuma yake alisimama tai. Aleksanda mwenyewe, aliyechorwa na warithi wake, alikuwa na pembe ya kondoo sikioni. Kaka yangu alishikilia kwamba alizaliwa nayo. Kulikuwa na Shingo Nene, ambaye mama alisema anafanana na mwenyekiti fulani wa mtaa. Kulikuwa na Antioko, na siku moja kanisani somo lilipomtaja mfalme Antioko na maovu yake, nilimnong'oneza jirani yangu kwenye benchi, "Huyo tunaye nyumbani, yuko kabatini." Nilitolewa nje.

Miaka ile haikuwa rahisi kwa mtu mwenye fedha kabatini. Sonara alitoka Mwanza mara mbili akitaka kuziyeyusha atengenezee pete na hereni. Mara ya pili alikuja na gunia la sukari kwenye baiskeli, akaliegemeza mlangoni ili sote tulione. Mama alilitazama gunia, akamtazama kaka yake.

"Masatu, hao wafalme wanakulaga nini?" aliuliza.

"Hawali. Ndiyo maana sijashindwa kuwafuga," mjomba akajibu, na sonara akaondoka na gunia lake. Siku hiyo tulikunywa uji usio na sukari.

Mtaani waliamini alishaziuza siku nyingi na kwamba kisanduku kina misumari. Alichekwa kilabuni. Hakujitetea. Alisema tu kwamba siku mwenyewe akija watu wote wataona.

Barua ikaja mwaka ule sukari ilipoanza kuonekana dukani bila kadi ya balozi wa nyumba kumi, na mitumba ikaanza kutuvalisha makoti ya theluji kwenye joto la Musoma. Stavro alikuwa amefariki. Binti yake, Eleni, angefika Jumamosi kuchukua kisanduku. Mjomba aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaifungua tena. Kisha akatangaza vita ya usafi. Ukuta ukapakwa chokaa, vikombe vikaazimwa kwa majirani, kuku akafungwa mguu. "Kila kitu kiwe safi," alisema. "Asije akasema tulikaa na mali ya baba yake kwenye uchafu."

Mimi nilikuwa darasa la tano na nilisikia vizuri: kila kitu.

Ijumaa, wakubwa walipokwenda sokoni, nilikitoa kisanduku nikakaa nacho nyuma ya jiko. Nilisugua kutwa nzima, kwa upendo wote. Nilianza na Mzee Kidevu, nikaendelea na mwenye pembe, na weusi ulipoanza kutoka, fedha ikang'aa chini ya gunia kama mgongo wa dagaa, nilimkumbuka bibi na nikaona meno yangu. Nilisugua wanane. Wa tisa, Antioko, alinusurika kwa sababu majivu yaliisha. Nikawarudisha wote kwenye pamba zao na kulala usingizi wa mwenye haki. Sikusema neno. Nilitaka iwe zawadi.

Eleni alifika asubuhi, mapema kuliko tulivyotarajia, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya ukindu. Tulitegemea Kizungu, na kaka yangu alikuwa amefanya mazoezi. Lakini mgeni alizaliwa Bunda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa.

"Karani, umezeeka," alimwambia mjomba. "Ulikuwaga unanibeba kwenye mizani."

"Ulikuwa kilo ishirini na mbili," mjomba akasema. "Ukila embe, ishirini na tatu."

Majirani walijaa dirishani, hata wale wa kilabuni. Mjomba akanawa mikono, akatandika kitenge na kufungua kisanduku. Akafunua pamba ya kwanza.

Niliona mkono wake unasimama. Akafunua ya pili. Ya tatu. Nje kuna aliyesema, "Kumbe anazo," na mwingine akasema, "Zinang'aa kama mpya." Mjomba hakugeuka. Eleni alimshika Ptolemayo ukingoni, akampeleka kwenye mwanga.

"Karani, huyu pua yake imekwenda wapi?"

Mpaka siku hiyo sikujua kwamba pua ya mfalme inaweza kuisha. Sasa niliiona: pua imebaki nusu, nywele zimekuwa mikwaruzo, tai nyuma amekuwa kuku. Na kwenye pamba ya mwisho Antioko, mweusi, mzima, kila unywele mahali pake, akitutazama wote kama shahidi.

"Nilizisugua," mjomba akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilisikia unakuja. Nikatumia majivu na mchanga."

"Kama sufuria?"

"Kama sufuria."

Eleni akamlaza Ptolemayo kwenye kitenge. "Baba alikuwaga hakubali hata mama azipanguse kwa kitambaa."

"Najua," mjomba akasema. "Ndiye aliyenifundisha."

Nadhani hapo ndipo Eleni alipoelewa, maana mtu aliyefundishwa hivyo hawezi kufanya vile. Aliangalia sufuria zetu zilizopangwa ukutani. Kisha akaangalia vidole vyangu, ambavyo vilikuwa bado vya kijivu.

"Binti, unaitwa nani?"

"Nyangeta."

"Unawajua hawa?"

Nilitamani kukimbia, lakini mjomba aliniwekea mkono begani. Basi nikawataja, mmoja mmoja, huku machozi yananiingia mdomoni. Nani alimrithi nani, nani aliuawa na nani, yupi alikuwa na tembo. Wasiokuwa na pua niliwajua kwa videvu na kwa shingo. Eleni alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa analia na anacheka, na hakuficha lolote.

Akamchukua Antioko, akamfunga kwenye leso yake. Kisanduku akakisukuma kwa mjomba.

"Hawa wanane wabaki," alisema. "Kwangu hakuna mtu anayewajua hivi."

Alipoondoka nilingoja kiboko. Mjomba akakunja kitenge, akafunga kisanduku. "Nenda kaoshe vikombe vya watu," akasema. "Na hivyo visugue."

Usiniulize kwa nini nilisoma historia chuo kikuu. Wiki ya kwanza mhadhiri mmoja, akishika kipande cha chuma chenye kutu, alitangaza kwamba ni mshenzi tu anayeweza kusafisha sarafu ya kale. Wenzangu waliandika. Mimi nilijikunja kwenye kiti, mshenzi mwenye uzoefu.

Mjomba Masatu hakuwahi kumwambia mtu yeyote ukweli, hata mama. Kilabuni walimwita Msugua Wafalme mpaka anakufa, na aliitikia. Sikumshukuru. Enzi zetu watoto hatukujua kushukuru kwa maneno. Tulichota maji tu kabla ya kutumwa. Nilimchotea mengi.

Binti yangu juzi alizipiga picha kwa simu sarafu zile nane, ambazo mjomba aliniachia mimi, na kabla chai haijapoa akajua bei ya sarafu kama hizo zikiwa na pua. "Mama," akasema, "ulisugua nyumba nzima mpaka ikaisha." Watoto wetu wanapata kila jibu wakiwa wamelala chali. Sisi tulikuwa na kisanduku kimoja, Jumapili moja moja, na mtu aliyenawa mikono kwanza. Siwaonei wivu, na wao hawanionei huruma.

Kuna jambo mjomba aliniambia jioni ile, vikombe vilipokwisha: pua hazirudi, ila weusi utarudi, nisiwe na haraka. Jana nilifungua kisanduku. Nyuma ya sikio la Aleksanda, pale pembe inapoanzia, weusi umeshaingia. Nilimshika ukingoni, nikamrudisha kwenye pamba.