Mlango Una Upana Gani

Kazi niliyopewa kwenye kongamano letu ilikuwa ukurasa mmoja tu: mgeni afike vipi Kisangani, alale wapi, azunguke vipi mjini. Wasaidizi wenzangu walipewa kusoma mada na kualika wakubwa. Mimi nilipewa ukurasa kwa sababu, kama alivyosema mkuu wa idara yetu chuoni, nauliza maswali mengi mno na karatasi haichoki kuulizwa.

Akanipa ukurasa wa kongamano lililopita nibadilishe tarehe. Ulisema mji wetu ni mkarimu, nyumba za wageni ziko nyingi, na kumbi zetu zinafikika na watu wote. Nikauliza nani alipima hilo.

Mkuu akavua miwani. "Mudogo, hiyo ni sentensi ya kuandika. Hakuna mutu anaipima."

Labda ningeiacha, lakini wiki ile ulifika ujumbe wa sauti kutoka Bukavu. Aliyeutuma alikuwa mtafiti wa samaki wa mito, mama wa makamo anayetembea kwa kiti cha magurudumu. Mada yake ilikuwa imekubaliwa. Tiketi alikuwa hajanunua, na alisema hatainunua mpaka ajue anakuja wapi. Nilimsikiliza kwenye simu, kuku wakilia nyuma yake.

"Mudogo yangu, mara ya mwisho waliniambia kila kitu iko tayari. Nafika, ukumbi iko juu, lifti ilikufa zamani. Kazi yangu ikasomwa na mutu mwingine, mimi niko chini na walinzi, tunakula karanga. Karanga zilikuwa tamu, sikatai. Lakini sikusafiri juu ya karanga. Donc, basi, usiniambie mutanisaidia. Niambie mlango iko na upana gani."

Nikampelekea mkuu simu asikilize. Aliguswa kweli, nilimwona.

"Andika tuko na vijana ya nguvu. Tutamubeba ngazi zote kama malkia, kwaya inaimba."

"Na kama hataki kubebwa, chef?"

"Nani anakataa kubebwa? Kwetu mugeni anabebwa. Na mugeni haambiwi ubaya ya nyumba. Ukimwambia choo iko mbaya, umemufukuza."

Nilitoka pale nimekasirika, ingawa desturi hiyo ndiyo iliyonilea. Mgeni akilala kwetu, mama huwashusha watoto kwenye mkeka na kumwambia mgeni kwamba wanapenda sakafu kwa sababu ya joto. Uongo huo ni mzuri, hata leo siulaumu. Lakini hakuna mgeni aliyewahi kutuuliza vitanda viko vingapi. Huyu ameuliza.

Nikaazima utepe wa kupimia kwa fundi cherehani wa mtaani na kupanda toleka, baiskeli yenye mto wa kukalia nyuma. Mwenye baiskeli aliuona utepe ukining'inia mfukoni.

"Unajenga?"

"Hapana. Napima milango."

"Ya watu wengine?"

"Ya watu wengine."

"Angalia wasikupige."

Nyumba ya wageni ya masista ndiyo ilikuwa na vyumba vya chini. Mlango wa chumba ulitosha. Mlango wa bafu haukutosha, na sista aliyenipokea alinitazama nikiupima mara ya pili kana kwamba napima jeneza la mtu aliye hai.

"Mlango yetu imekosa nini? Hata askofu alipita hapa."

"Alipita na miguu, sista."

Baadaye, bila kuniangalia, akasema chumba cha zamani cha kufulia nguo kina mlango mpana, ulipanuliwa ili mabeseni yapite, na pipa la maji linaweza kuhamishiwa humo. Nikaandika. Niliandika pia kwamba Bangboka, uwanja wetu wa ndege, abiria hushuka ndege kwa ngazi, kwa hiyo hapo lazima watu wawili wambebe. Niliandika kwamba ukumbi mkuu, ambao mkuu wetu anauonea fahari, una ngazi za kuingilia na nyingine za kupanda jukwaa la msemaji, na kwamba chumba cha chakula kiko sawa na ardhi na mlango wake unapitisha masufuria makubwa.

Ikabaki Yangambi. Siku ya mwisho wageni wangeenda kwa boti ya mbao kutembelea kituo cha utafiti wa kilimo. Nilishuka gatini, nikaona matope na ubao mmoja kati ya ukingo na boti, nikaandika: "Safari ya Yangambi haifai kwa anayetumia kiti cha magurudumu." Niliipenda sentensi hiyo. Niliona ndiyo ya kweli kuliko zote. Nikampelekea yule mama ukurasa mzima kabla mkuu hajauona, nikamweleza pia habari ya vijana wa kumbeba na kwaya.

Akanipigia jioni ile ile.

"Milango, asante. Bafu ya mabeseni, asante. Bangboka watu wawili, mmoja nyuma, na hakuna kwaya. Sasa Yangambi. Nani alikuambia haifai?"

"Niliona mwenyewe, mama. Ni matope, na ubao tu."

"Kwa ule ubao wanapandisha nini?"

Nikafikiri. "Mizigo. Mbuzi. Pikipiki."

"Pikipiki inafaa, mimi sifai?"

Nikatafuta kalamu, naye akaendelea.

"Mukubwa wako anataka kunibeba, wewe unataka kuniacha gatini. Wote wawili mumemaliza mazungumuzo bila mimi. Samaki ya huu mto nimeisoma miaka yote, nataka kuona maji ya kule. Nilikuomba uniambie iko vipi. Kama inafaa, nitajua mimi. Rudi uangalie ubao."

Asubuhi nikarudi. Pikipiki ilipanda kinyumenyume, mtu mmoja akiivuta, wawili wakisukuma, wa nne amesimama majini hadi kiunoni akiushika ubao. Nikaifuta sentensi yangu na kuandika nilichokiona, pamoja na upana wa ubao. Niliandika ubao ni imara.

Mkuu aliposoma alitaka kukata neno matope. Nikamjibu kwamba yule mama ameshalisoma, na ameshanunua tiketi akijua atazungumza kwenye chumba cha chakula. Akaifunika kalamu yake.

"Bon. Mutafiti mukubwa atasema juu ya samaki ndani ya harufu ya pondu."

Ndivyo ilivyokuwa. Alizungumza kwenye chumba cha chakula, nyuma yake ile pondu, yaani kisamvu, ikichemka, na wapishi walimbishia jina la samaki mmoja mpaka muda ukaisha.

Siku ya Yangambi alipanda kinyumenyume, akiwaelekeza wabeba mizigo kwa kidole. Mimi nilikuwa majini nimeshika ubao. Ulicheza mikononi mwangu njia nzima. Alipofika botini aligeuza kiti.

"Uliandika ubao iko imara."

"Ndiyo, mama."

"Inatikisika. Rekebisha. Kuna mutu atakuja nyuma yangu."

Nikapanda nikichuruzika maji, nikafuta mikono kwenye shati, nikatoa simu na kurekebisha ukurasa pale pale, kwa sababu mashine ya boti ilikuwa imeshawashwa na mbele kidogo mtandao hupotea.