Nilivyohamia faiba Mtanda, Lindi: kampuni ilisema waya hauna pa kupita, Baba akatoka nje kuwaonyesha

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Naingia, nasoma visa vya watu, nacheka peke yangu, natoka. Leo nimeona na mimi niandike, maana hili limenitokea mwenyewe na mashahidi ni mtaa mzima. Atakayesema ni chai, kwamba nimetunga, aje Mtanda nimwonyeshe nguzo.

Mimi ni mdada. Nimezaliwa hapahapa Lindi mjini, nikaenda Dar kusoma, kazi ikanikuta hukohuko.

Kazi yenyewe ni kupokea simu za wateja wa kampuni moja inayouza tiketi za safari mtandaoni. Unavaa headset, unafungua laptop, simu zinaingia kwa intaneti. Mtu kakosea tarehe. Mtu kaandika jina la mumewe kwenye tiketi yake. Mtu kaachwa na basi, matusi unayapokea wewe. Ndiyo kazi, na mimi naipenda.

Mwaka jana Baba akapata kiharusi.

Mama alishatangulia mbele za haki. Kaka yangu yupo Songea na mke na watoto. Mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo hata kikao hakikuhitajika. Nikamfuata bosi wangu, nitamwita dada Jesca, nikamwambia ukweli: narudi Lindi kumuuguza baba, naomba nifanyie kazi nyumbani.

Dada Jesca ni mkali lakini ana utu. Akasema, "Nenda. Mimi sharti langu moja tu, simu za wateja zisikatike."

Nikasema hilo dogo.

Wakuu, halikuwa dogo.

Nilinunua ile router ya kuweka laini ya simu, ya kampuni moja ambayo sitaitaja, msinilazimishe. Asubuhi inakwenda vizuri. Ikifika saa nane mchana, watoto wametoka shule, watu wamerudi kula, mtaa mzima uko hewani, basi taa inageuka nyekundu na mimi ninaongea na hewa. "Haloo? Haloo mteja wangu?" Kimya.

Kila nikipiga huduma kwa wateja naambiwa, "Dada, zima router kisha uiwashe."

Nimeizima na kuiwasha mpaka kile kitufe kikaanza kulegea.

Nikaihamisha. Juu ya kabati, dirishani, nikaifunga hata kwenye kamba ya chandarua. Mwishowe nikagundua sehemu pekee yenye mtandao wa maana kwenye uwanja wetu ni kwenye banda la kuku. Msicheke. Nilipeleka kiti na meza humo, nikaning'iniza kanga ili mbao za banda zisionekane nikiwa kwenye meeting.

Siku moja mama mmoja wa Arusha yupo kwenye laini, ananieleza shida yake taratibu, jogoo akawika. Si mara moja. Yule mama akaniuliza, "Dada, hii ofisi yenu ipo wapi?"

Nikamwambia tawi la Lindi, wakuu.

Hapo sijawaambia habari ya Baba. Kiharusi kilimshika upande wa kulia. Mguu ulirudi kidogo, akawa anatembea na fimbo kutoka kitandani mpaka barazani. Maneno ndiyo yalikuwa yanatoka kwa shida, moja moja. Na yeye alikuwa mtu wa maneno mengi! Basi akaamua kunyamaza tu. Wageni wakija anajifanya amelala. Miezi mitano hakuvuka geti. Nikimwambia Baba twende tutembee hata mpaka dukani, anatikisa kichwa.

Tuendelee.

Ikaja siku mbaya. Mteja alikuwa hospitali Dodoma, kafiwa, anataka kubadilisha tiketi ya familia nzima wawahi mazishi Lindi. Watu wa huku kwetu hao. Nimeshafika katikati, nimeshaandika majina, laini ikakatika. Nikarudi hewani baada ya muda mrefu, yule mtu ameshakata tamaa na ameandika malalamiko.

Dada Jesca akanipigia. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Akasema, "Mdogo wangu, nimekutetea mara tatu. Mpaka mwisho wa mwezi huu. Kama mtandao haujakaa sawa, urudi Dar, au tuachane kwa wema."

Nilikaa kwenye lile banda nikalia mpaka kuku wakasogea kuniangalia.

Nirudi Dar, Baba nimwachie nani? Niache kazi, dawa na mazoezi yake ya viungo tutafanyaje?

Sasa kesho yake naenda sokoni, nikakuta mafundi barabara kubwa wanavuta waya juu ya nguzo. Nikawauliza, kaka zangu, hii ni nini? Wakaniambia faiba, intaneti ya waya, ya majumbani. Msimamizi wao anaitwa Shabani, kijana mpole, mtu wa Kilwa Kivinje. Nikamwuliza mtaa wetu lini?

Akacheka kwa huruma. "Dada, upande wenu haupo kwenye mpango. Kwanza wateja hamtoshi. Mkifika nyumba kumi zilizojiandikisha, nitaomba waje wapime."

Kumi tu? Nikaondoka hapo mboga nimeisahau.

Siku hiyohiyo baada ya kazi nikaanza kugonga hodi. Nimewahi kuuza vipodozi chuoni, lakini kuuza intaneti ambayo haipo ni fani nyingine kabisa.

Bwana Amirali mwenye duka la vifaa vya ujenzi hata sikumaliza sentensi. Oda zake zote anaagiza kwa simu na yeye alikuwa anateseka kimyakimya. Akasema, "Niandike mimi, andika na mdogo wangu, nyumba ya pili. Yeye atakuja kunigombeza mwenyewe."

Mwalimu Chilumba wa sekondari akaingia kwa sababu ya binti zake wanaojisomea mtandaoni.

Kazi ilikuwa kwa Bi Somoe, jirani yetu wa ukuta mmoja.

"Mwanangu, mimi hiyo intaneti nitaipikia nini?"

"Bibi, si unaongea na mwanao Zuhura aliyeko Muscat?"

"Naongea naye. Sura yake inaganda, mdomo wazi, namwona kama amepigwa picha."

"Basi hii haigandi."

Akanitazama. "Haigandi kabisa? Nimwone mjukuu anavyotambaa?"

"Umwone."

"Niandike."

Ndani ya siku nne nikapata nyumba kumi na moja. Nikampelekea Shabani orodha, naye kweli hakuniangusha, wakaja kupima.

Hapo ndipo likaja la kuja. Kutoka barabara kubwa mpaka kwetu, njia fupi inapita katikati ya kiwanja cha Mzee Nangwawa. Na Mzee Nangwawa akakataa. Hakukataa kwa ubaya. Aliwahi kuwaruhusu watu wa kampuni nyingine wachimbe kwake, wakapasua bomba la maji, wakaondoka, akalitengeneza mwenyewe. Akawaambia mafundi, "Nguzo kwangu haisimami. Mtanisamehe, lakini ndiyo nimemaliza."

Kuzunguka upande wa pili ni mbali, nguzo nyingi, kampuni haikubali.

Shabani akaja mpaka barazani kwetu kuniambia. Mimi nimesimama, Baba yupo kwenye kiti chake, macho kafumba kama kawaida yake wageni wakija.

"Dada, nimejitahidi. Hakuna njia. Nitaandika kwamba mtaa huu umeshindikana."

Wiki mbili zilikuwa zimebaki. Nikamshukuru, nikageuka niingie ndani nisije nikalia mbele ya mtu.

Nikasikia, "Ipo."

Nikageuka. Baba kafumbua macho.

"Ipo," akarudia. Halafu akahangaika, mdomo unatafuta neno, mkono wa kushoto unapiga mkono wa kiti. "Nyuma. Njia ya... njia ya nguzo. Zetu."

Wakuu, inabidi niwaeleze. Kabla ya kustaafu Baba alikuwa fundi wa laini za simu. Zile simu za waya, za kuzungusha namba kwa kidole. Alipanda nguzo Lindi yote, mpaka kwenda Kilwa kurekebisha waya ulioanguka. Mimi nakumbuka mkanda wake mpana wa ngozi ukiwa ukutani. Lakini simu za waya zilishaondoka majumbani, na mimi ninavyohangaika na mtandao haikunijia hata siku moja kumuuliza yeye. Nilimchukulia mgonjwa. Nilikuwa namuuliza kuhusu uji tu.

Shabani akachuchumaa mbele ya kiti. "Shikamoo mzee wangu. Njia gani hiyo?"

"Marahaba." Akanyoosha fimbo. "Twende."

"Baba, waelekeze tu, wataenda wenyewe..."

Akaniangalia kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu augue. "Lete kofia."

Nikaleta kofia. Nikamshika mkono, akautoa.

Tukatoka getini. Miezi mitano! Bi Somoe alikuwa anafagia, fagio likamtoka mkononi. "Jamani, Mzee Selemani huyoo!" Watu wakaanza kutoka, wengine wakasimama mlangoni.

Baba akapita nyuma ya nyumba yetu, kwenye uchochoro ambao sisi wote tunajua ni wa kutupia majani na matawi. Michongoma imefunga. Akawaambia mafundi kwa mkono, kateni. Wakakata. Akahesabu hatua zake taratibu, anapumzika, anahesabu tena. Akapiga fimbo chini.

"Hapa."

Wakafukua kidogo. Kisiki cha nguzo, kimelainika kwa kuoza.

Akaenda mbele. "Hapa." Kisiki kingine.

Cha tatu Shabani alitaka wachimbe upande wa kushoto ili waya unyooke. Baba akakataa. "Jiwe," akasema. "Hapo jiwe. Tulivunja... sululu mbili." Akasogea hatua tatu kulia. "Chimba hapa. Mchanga."

Fundi mmoja, sijui alitaka kuhakikisha, akapiga sululu pale kushoto. Ikalia kama kengele. Wote wakacheka, na Baba akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko cha baba yangu kina sauti gani.

Uchochoro wote, mpaka barabara kubwa, ulikuwa wazi. Hakuna aliyejenga, kwa sababu wazee wa wakati ule walijua ni njia ya waya na vijana walidhani ni jalala. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, akatazama ramani yake ya zamani, akasema ni eneo la wazi, pitisheni.

Shabani akamwambia Baba, "Mzee, miaka sita niko kwenye hii kazi, leo ndiyo nimefundishwa."

Nguzo zilisimama ndani ya wiki. Baba alikuwepo kila siku, kwenye kiti cha plastiki cha Bi Somoe, anawaonyesha kwa fimbo. Maneno yakaanza kuja. "Kaza." "Legeza." "Siyo hivyo, bwana!" Hiyo ya tatu aliitoa yote kwa pumzi moja, nilikuwa jikoni, nikaacha ugali ukaungua.

Siku waliponifungia kile kiboksi cha faiba ukutani, taa ikawaka kijani. Nikasubiri saa nane mchana. Ikafika saa tisa. Saa kumi. Kijani. Nilipokea simu za zamu nzima nikiwa sebuleni, kwenye kiti cha binadamu, hakuna hata moja iliyokatika. Dada Jesca akaniandikia jioni: "Umehamia wapi wewe?"

Kwa Bi Somoe tulisikia vigelegele kupitia ukutani. Mjukuu wa Muscat alikuwa anatambaa.

Ile kampuni ya zamani ilinipigia baada ya siku chache, sauti tamu kabisa, wameona sijajiunga na kifurushi, kuna ofa maalumu kwa ajili yangu. Nikawaambia router nimeizima na sitaiwasha. Nilikata simu mwenyewe, kwa raha zangu.

Na Mzee Nangwawa? Alikuja kwa Baba na mapapai mawili, wakaongea, akaomba aunganishwe. Ni nyumba ya kumi na mbili.

Nisiwadanganye, hata faiba siyo pepo. Mwezi uliopita lori la mbao lilikwaruza waya, tukakosa mtandao nusu siku. Lakini walikuja, wakarekebisha.

Nilichojifunza mimi: ukitaka kuhama, usiangalie tangazo, waulize majirani zako mtandao unakuwaje saa ambazo wewe unauhitaji. Ukiambiwa haiwezekani, uliza kinachozuia ni kitu gani hasa. Na mgonjwa wako wa nyumbani, mwulize na mambo mengine zaidi ya dawa na chakula. Mimi nilikaa miezi mitano na fundi wa laini, nahangaika kwenye banda la kuku.

Juzi gari la kina Shabani lilisimama hapa asubuhi. Wanaingiza waya kata nyingine na wamekwama. Hawakuniuliza mimi. Walimwita Baba, wakampandisha kiti cha mbele. Alirudi mchana, kanzu ina tope mpaka magotini, akakaa mezani na kusema sentensi nzima, haina hata pengo: "Nina njaa, leo nimefanya kazi."

Basi wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine amehama mtandao wa nyumbani, ilikuwaje? Na kama upo Lindi au Kilwa umeambiwa mtaa wenu waya hauna pa kupita, taja mtaa hapo chini. Nitamuuliza Baba.