Khutba ya Ramadhani Katika Mfunguo Saba

Assalaam alaykum, admin na nyote mnaosoma. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, mke mmoja, watoto watatu. Naishi kati ya Gazi na Msambweni, na kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya mahoteli kule Diani. Nimeomba jina langu lifichwe, na nashukuru watu wa kwetu hawapo kwenye ukurasa huu, maana wangefika aya ya pili tu wangenijua.

Majokofu nilijifunza kwa kuyafungua na kuyaharibu. Kiarabu nacho vivyo hivyo. Nilitoka madrasa nikijua kusoma bila kuelewa, likanikera, nikanunua kamusi kuukuu nikaanza kufungua maneno kama nifunguavyo mota. Laiti ningeishia kwenye mota.

Msikitini kwetu khutba ya Ijumaa husomwa kwa Kiarabu kutoka kitabu cha zamani, kila wiki na khutba yake. Khatibu ni baba mkwe wangu. Ijumaa iliyopita, mwezi huu wa Mfunguo Saba, alipanda mimbari akatusomea khutba ya kuikaribisha Ramadhani. Ramadhani yenyewe ilikuwa imebakiza miezi mitano. Nikatazama kulia na kushoto: watu wameinamisha vichwa kwa unyenyekevu, na jirani yangu anasinzia kwa unyenyekevu zaidi. Dua ilipofika, wakaitikia amina kwa sauti kubwa.

Khutba ikisomwa, hata kumwambia mwenzio "nyamaza" ni makosa. Sheria hiyo naiheshimu, natamani ingeendelea mpaka jioni. Maana baada ya swala nilikaa barazani, nikatoa simu, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu: "Wenzangu, leo tumekaribishwa Ramadhani. Nani anaanza kufunga kesho, na nani ananunua tende?"

Watu wakacheka. Kisha mmoja akauliza, "Unamcheka nani?" Kicheko kikakatika kama umeme. Kufikia alasiri nilikuwa nimeitwa na kamati ya msikiti.

Mwenyekiti akaniambia, "Khutba ni ibada. Umeikejeli ibada. Anayekejeli ibada ametoka katika dini."

"Nimetoka nikaenda wapi, mzee? Mimi si huyu hapa na kofia yangu?"

"Unaona? Bado anakejeli!"

Hukumu ikawa hivi: Ijumaa ijayo nisimame mbele ya watu, nitamke shahada upya, na nikahi yangu isomwe upya, kwa kuwa aliyetoka katika dini ndoa yake imevunjika. Siku hiyo hiyo mke wangu akakusanya watoto akaenda kwao. Simu yangu alipokea. Akaniambia, "Mimi sikukasirikii. Nataka kujua tu, nikirudi, narudi kwa mume au narudi kwa mwanamume?"

Kazini kuna kijana wa jikoni, wa kutoka bara. Aliposikia akawaka: "Buda, katiba inakulinda! Nipe picha yako niiweke mtandaoni, utakuwa shujaa." Nikamwambia shujaa hana pa kuswalia. Mimi si mtu anayepigana na dini yake. Mtume wetu sijapata kumtania, wala sitathubutu, na anayemtania sikai naye meza moja. Nilimtania binadamu aliyekosea ukurasa. Lakini hapo hapo nafsi inaniuliza: mbona hukumfuata nyumbani ukamwambia kwa siri, kama tulivyofundishwa? Jibu nalijua. Kwa siri nisingechekewa.

Na lipo jingine, lazima niliseme. Mwaka jana, mimi nikiwa msimamizi wa kundi hilo la mtaa, kama nilivyo mpaka leo, mwalimu mmoja wa kike aliuliza kwa nini spika ya upande wa wanawake haitengenezwi wasikie khutba. Nikamtoa kundini nikaandika, "Dini haijadiliwi kwenye simu." Watu wakaniwekea vidole gumba. Siku hizi nalala na hivyo vidole gumba.

Sasa sikilizeni linaloninyima raha. Jumatatu asubuhi baba mkwe alikuja karakana yangu, kitabu amekifunga kwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee hapa palipo na uzi."

Nikamsomea. Ilikuwa khutba ya Ramadhani. Akasema, "Basi ulisema kweli."

"Nilisema kweli, baba, lakini nilisema vibaya."

Akanieleza kwamba macho yameingia ukungu tangu mwaka jana. Khutba zote amezihifadhi. Akishayatambua maneno ya mwanzo, yaliyobaki yanatoka yenyewe, wala hayasikilizi maana. Uzi ndio unaomwonyesha wiki. Wiki ile ulianguka, akaurudisha kwa kubahatisha.

"Kamati wakijua, watanishusha," akasema. "Nivumilie mpaka Ramadhani yenyewe. Nataka niisome mara moja mahali pake, kisha nitashuka mwenyewe. Ijumaa wakikuita, simama. Mimi ndiye nitakayekutamkisha."

Akaondoka akiushika ukuta.

Tangu hapo situlii. Naanza jokofu hili, naliacha, nashika lile. Shahada naitamka kila siku ndani ya swala, ulimi hauoni uzito. Lakini Ijumaa nitaitamka kama mgeni anayebisha hodi nyumbani kwake, na anayenifungulia ni mtu anayejua kwamba sikutoka. Nikikubali, mke wangu anarudi na mzee anabaki na mimbari yake, ila kuanzia siku hiyo yeyote atakayeona kosa msikitini ataambiwa ametoka katika dini, na mfano utakuwa mimi. Nikikataa, lazima niseme kwa nini, na nikisema tu, mzee ameshuka.

Yule mwalimu nimemrudisha kundini jana. Hajaandika neno.

Leo ni Jumatano. Ndugu zangu, nyinyi mnaosema bila kujulikana kama mimi, niambieni kabla ya keshokutwa: wakiniita jina, nisimame au nikae?